Kidhibiti Hodari Kwenye Laini Isiyo Yake: Funzo la Texas

Oktoba 2009, kusini mwa jimbo la Texas nchini Marekani, laini moja ya umeme ya kilovolti 345 ilipata shoti ya ardhini. Tukio lenyewe si la kushangaza. Laini ndefu hupigwa na radi, huguswa na matawi, hushika vumbi na chumvi, na ndiyo maana huwekewa vivunja saketi vya kuikata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Siku ile vilifanya kazi yake vizuri. Laini ikakatwa, shoti ikaondoka, na kwa kawaida habari ingeishia hapo.

Haikuishia. Kukatwa kwa laini ile kuliyaacha mashamba ya mitambo ya upepo na njia moja tu ya kutolea umeme wake: laini nyingine ndefu, iliyofungwa kapasita za mfululizo. Papo hapo mkondo ukaanza kuyumba, na kila yumbo likawa kubwa kuliko lililotangulia. Volti zikapanda kupita kiasi. Ulikuwa ni muda mfupi kuliko wa kuisoma aya hii, lakini kapasita za laini zilipokuja kuondolewa kwenye njia ya mkondo, saketi za kinga ndani ya mitambo kadhaa zilikuwa zimekwisha kuungua.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu kabla ya hasara ile hapakuwa na kidhibiti kibovu ndani ya mitambo ile. Kila kimoja kilifuata hesabu zilizowekwa ndani yake na watu wasomi na makini, waliokuwa wameipima kazi yao. Kilichokosekana ni swali ambalo wewe na mimi pia tungeweza kulisahau: kidhibiti hiki kikijikuta kwenye laini tofauti na ile kilichopimiwa, kitafanya nini? Linalosikitisha zaidi ni kwamba dalili zilikuwepo. Zilikuwa zimeandikwa na kuhifadhiwa kwa miaka mingi.

Wahenga walituusia kwamba mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mitambo 365 ya upepo iliyosimama Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, ina jenereta za jamii moja na zile za Texas, na umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Treni za umeme za SGR ya Tanzania, zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, huendeshwa kwa mota zinazotawaliwa na vibadilishaji vya kielektroniki. Pampu za maji za miji yetu, lifti za maghorofa, vinu vya saruji na mashine za nguo, siku hizi vingi vinafungwa vibadilishaji hivyo, yaani inveta. Sisemi kwamba huko kuna kasoro. Nasema kwamba yaliyowapata Texas yanatuhusu.

Mashine rahisi, tabia ngumu

Mota ya induksheni ndiyo inayofanya kazi nyingi zaidi viwandani, na inapendwa kwa sababu ni ngumu kuharibika. Stata, yaani sehemu iliyotulia, hutengeneza uga wa sumaku unaozunguka. Uga huo huzalisha mkondo ndani ya rota, na mkondo huo ndio unaoisukuma rota izunguke. Lakini rota haiwezi kuufikia uga wenyewe. Lazima ibaki nyuma kidogo, la sivyo mkondo wake unakufa. Tofauti hiyo ya mwendo huitwa mtelezo. Sasa rota ikikimbizwa na nguvu ya nje, kama upepo, mpaka ikaupita uga, mtelezo unakuwa hasi na mota inageuka kuwa jenereta. Naomba ulishike neno hilo, mtelezo hasi, kwa sababu kisa chote kimejengwa juu yake.

Ugumu wa mashine hii uko kwenye kuitawala. Nguvu yake ya kuzungusha hutokana na kuzidisha usumaku kwa mkondo, na vyote viwili hubadilika kwa pamoja. Ukiongeza volti mara mbili usitarajie matokeo mara mbili. Ukinzani wa rota hupanda kadiri rota inavyopata moto, chuma nacho hufika mahali pa kushiba usumaku, na usumaku wa ndani ya rota hauonekani moja kwa moja kwa kipimo cha kawaida, inabidi ukadiriwe. Mfumo wa namna hii wahandisi husema si wa mstari mnyoofu: kanuni iliyofanya kazi mahali pamoja haina ahadi ya kufanya kazi mahali pengine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Felix Blaschke, mhandisi wa Siemens nchini Ujerumani, alionyesha njia ya kuufuga ugumu huo. Mkondo wa mota ugawanywe kihesabu katika sehemu mbili, moja ya kujenga usumaku na nyingine ya kuzungusha, kila moja ipewe kidhibiti chake. Mota ya induksheni ikaanza kutii kama ile ya umeme wa mkondo mnyoofu. Wengine wakasonga mbele zaidi. Mwaka 1993 Riccardo Marino, Sergei Peresada na Paolo Valigi walichapisha njia ya kuunyoosha mfumo huu kwa mrejesho, huku ukinzani wa rota na uzito wa mzigo vikikadiriwa mashine ikiwa kazini. Leo zipo njia nyingi za aina hiyo, na kila moja ina wafuasi wake.

Kazi hizo naziheshimu, na tunayala matunda yake kila tunapopanda lifti isiyotikisika. Lakini ukizifungua nyingi kati yake utaona jambo moja. Upande wa mota hesabu hujaza kurasa: joto, msuguano, usumaku, mzigo. Upande wa gridi kuna alama moja ndogo tu ya chanzo cha volti kisichotikisika. Mhandisi anadhania kwamba nyuma ya inveta yake kuna mlima wa umeme usiojali anachofanya yeye. Mara nyingi dhana hiyo ni kweli. Kule Texas ilikuwa kweli mpaka laini ile ilipokatwa.

Ukinzani unapogeuka

Jenereta za mitambo ile zilikuwa ndugu wa karibu wa mota niliyoieleza. Tofauti ni kwamba rota yake ina nyaya zinazotoka nje kupitia brashi, na kibadilishaji cha kielektroniki huzilisha nyaya hizo mkondo unaohitajika. Kwa kuwa kibadilishaji hubeba takribani theluthi moja tu ya nguvu ya mtambo, gharama hupungua sana, na upepo ukibadilika rota inaweza kwenda kasi au polepole bila gridi kutambua. Ni ubunifu mzuri, na kwa miaka mingi ulitawala soko la mitambo ya upepo.

Tuje kwenye laini. Laini ndefu ina tabia ya koili: huuzuia mkondo, na umbali unavyoongezeka ndivyo inavyoweza kubeba umeme kidogo. Dawa ya miaka mingi ni kufunga kapasita kwa mfululizo kwenye laini, ili zifute sehemu ya tabia hiyo. Ni dawa ya bei nafuu ukilinganisha na kujenga laini ya pili. Ila koili na kapasita zikiwa pamoja hurushiana nishati kwa mdundo wao wenyewe, wenye masafa yaliyo chini ya yale ya gridi. Hesabu yake ni fupi. Gridi ya Marekani ina hezi 60. Kapasita zikifuta robo ya ukoili wote wa njia, mdundo huo unakuwa 60 mara kipeuo cha pili cha robo, yaani hezi 30. Kwa kawaida mdundo huu hufa wenyewe, kwa sababu ukinzani wa nyaya hula nishati yake.

Sasa chukua mkondo huo wa hezi 30 uuingize kwenye jenereta ambayo rota yake inazunguka kwa kasi inayolingana na hezi 66. Mbele ya mdundo huo, rota imepita mbali. Mtelezo wake ni 30 kutoa 66, gawanya kwa 30: unapata hasi 1.2. Na kanuni ya mashine hii inasema ukinzani wa rota, unapotazamwa kutoka upande wa gridi, hugawanywa kwa mtelezo. Ukinzani wowote ukigawanywa kwa hasi 1.2 unakuwa hasi. Ukinzani wa kawaida hula nishati. Ukinzani hasi huitoa. Jenereta inakuwa kama mtu anayeisukuma bembea kila inaporudi: hana haja ya nguvu nyingi, wakati wake wa kusukuma unatosha.

Mpaka hapo kosa bado ni dogo, maana ukinzani wa rota wenyewe ni mdogo, na ule wa laini unaweza kuushinda. Hapa ndipo kidhibiti kinapoingia. Kazi yake ni kuutazama mkondo wa rota, na kila unapotoka kwenye amri, kutoa volti ya kuupinga. Lakini kitu kinachotoa volti ya kuupinga mkondo, saketi hukiona kama ukinzani. Kadiri unavyokiongezea kidhibiti ukali ili kijibu haraka, ndivyo unavyoongeza ukinzani wa rota, mara nyingi zaidi ya ule wa shaba yenyewe. Kwa hezi 60 huo ni utulivu mtupu. Kwa mdundo wa chini, wote unageuzwa kuwa hasi. Ule ukali uliomfurahisha mhandisi siku ya majaribio ndio uliolisha moto Texas, ambako mdundo ulioonekana ulikuwa kati ya hezi 20 na 30 hivi.

Na kwa kuwa mfumo si wa mstari mnyoofu, ukuaji ule haukuendelea kwa adabu. Yumbo lilipokuwa kubwa, vibadilishaji vilifika mwisho wa uwezo wake na saketi za kinga zikaanza kuingia. Kuanzia hapo mtambo haukuwa tena ule uliochorwa kwenye karatasi za wasanifu.

Dalili zilizopita bila kuulizwa

Ndugu msomaji, hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu elimu ya kisa hiki iko katika yale yaliyotangulia.

Dalili ya kwanza ni ya zamani mno. Mwaka 1937 J. W. Butler na Charles Concordia walichapisha nchini Marekani uchambuzi wa matatizo ya kufunga kapasita za mfululizo. Humo waliandika kwamba mashine za induksheni zikilishwa kupitia kapasita hizo zinaweza kujichochea zenyewe. Mafundi wa laini za vijijini waliijua hali hiyo kwa macho: mota inawashwa, haipandi mpaka mwisho, inang'ang'ania mwendo wa chini, inatetemeka, na taa za jirani zinacheza. Kwa hiyo asili ya jambo lile la 2009 ilikuwa imeelezwa kwenye karatasi miaka 72 kabla, na mashine iliyotajwa ilikuwa ni hiihii.

Dalili ya pili ilikuja kwa kishindo. Desemba 1970, katika kituo cha umeme cha Mohave, jimbo la Nevada, swichi zilibadilishwa na jenereta moja kubwa ikabaki imeunganishwa na laini yenye kapasita za mfululizo peke yake. Ndani ya chumba cha uendeshaji taa zilicheza kwa dakika moja au mbili. Kengele ya mtetemo ikalia. Mkondo wa kuchochea usumaku ukapanda kupita kawaida. Shafti kati ya jenereta na kichochezi chake ilikuwa ikisokotwa huku na huku mpaka ikaharibika kwa joto.

Yaliyofuata ndiyo yanayoniuma. Shafti ilitengenezwa, mtambo ukarudishwa kazini. Chanzo halisi hakikuwa kimejulikana. Oktoba 1971, chini ya mwaka mmoja baadaye, shafti iliharibika tena kwa namna ileile. Ni baada ya mara ya pili ndipo wataalamu walipotambua kwamba laini, kapasita na shafti vilikuwa vikichochea kimoja kingine. Taa zilizocheza mara ya kwanza zilikuwa zimeshasema, ila tafsiri yake ilisubiri hasara ya pili. Tusiwahukumu haraka. Ni nani kati yetu, kituo kikiwa hakizalishi na simu za wakubwa zikiita, angesimama aseme: siwashi mpaka nijue taa zilicheza kwa nini?

Dalili ya tatu ilihusu vidhibiti vyenyewe. Mwaka 1977, kwenye mradi wa Square Butte wa kusafirisha umeme wa mkondo mnyoofu kutoka Dakota Kaskazini hadi Minnesota, majaribio yalionyesha kwamba kidhibiti cha mkondo cha kibadilishaji kilikuwa kikiuchochea mtetemo wa shafti ya jenereta iliyo jirani, kwa hezi 11.5. Hapo palikuwa na somo jipya: Mohave lawama ilikwenda kwa kapasita, lakini Square Butte ilionyesha kwamba hata kidhibiti chenyewe kinaweza kuwa mchochezi. Kuanzia mwaka huo, yeyote aliyekuwa akifunga kibadilishaji cha haraka karibu na mashine inayozunguka alikuwa na onyo mkononi.

Dalili ya nne ilikuwa mlangoni kabisa. Mwaka 2007, huko Minnesota, shamba la mitambo ya upepo yenye jenereta za aina ileile lilipobaki kwenye laini yenye kapasita za mfululizo, mkondo uliyumba kwa takribani hezi 9. Miaka miwili ilipita, na tukio hilo halikulizuia lile la Texas.

Ukizipanga dalili hizi utaona kwamba kila moja ilitoa kipande cha jibu. Ile ya 1937 ilitaja mashine na kapasita. Mohave ilionyesha hatari ya kubaki kwenye laini moja baada ya swichi kubadilika. Square Butte ilikitaja kidhibiti. Minnesota ilivileta vyote pamoja. Wa kuviweka mezani vipande vyote kabla ya Oktoba 2009 ndiye aliyekosekana.

Kwa nini watu makini hupitwa

Ni rahisi kusema kwamba wahusika walizembea. Mimi siamini hivyo, na kuamini hivyo kungetudhuru sisi, maana tungejiona salama kwa kuwa si wazembe.

Kwanza, kazi iligawanyika. Aliyetengeneza mtambo aliijua programu yake lakini hakuijua laini. Mwenye laini alizijua kapasita zake lakini programu ya mtambo kwake ilikuwa sanduku lililofungwa, siri ya biashara ya mwingine. Kila mmoja alikuwa na nusu ya hesabu, na nusu hizo hazikutani zenyewe.

Pili, majaribio yalifanywa katika hali njema. Mtambo hupimwa kwenye gridi imara, laini zote zikiwa zimefungwa. Lakini gridi hubadilika kila siku: laini inakatwa kwa matengenezo, nyingine inapigwa na radi. Kule Texas ilitosha laini moja kukatika ili mitambo ijikute mahali ambapo haikupimiwa.

Tatu, zana za kuchambulia zilikuwa butu kwa jambo hili. Uchunguzi wa kawaida wa uthabiti wa gridi huonyesha mabadiliko ya polepole, na hufuta kila kilicho cha haraka. Mdundo wa hezi 25 hauonekani humo. Mtu angeweza kuendesha hesabu mia, zote zikasema salama, na asiwe amedanganya. Kipimo kisichoweza kuonyesha ugonjwa hakina haki ya kumtangaza mtu kuwa mzima.

Nne, na hili linatuhusu sisi wapenzi wa hesabu nzuri, mafanikio ya ndani hulevya. Unapouona mkondo wa rota ukiifuata amri bila kuyumba, huna hamu ya kugeuka kutazama nyuma. Tunasoma vitabu vya udhibiti usio wa mstari, tunajifunza kuunyoosha mfumo kwa mrejesho, tunaambiwa uthabiti umethibitishwa. Umethibitishwa, ndiyo, kwa masharti yaliyoandikwa mwanzoni mwa uthibitisho. Anayekwenda kufunga mashine kiwandani mara nyingi hubeba hitimisho na kuyaacha masharti.

Baada ya hasara

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baada ya tukio lile wahandisi walirudi mezani, safari hii pamoja. Vidhibiti vya rota viliongezewa sehemu inayoutambua mdundo wa chini na kuuzima badala ya kuulisha. Ukali ulipunguzwa pale ulipozidi. Kwenye laini kukafungwa vifaa vya kinga vinavyoutafuta mdundo wa chini na kuamuru mitambo au kapasita zitoke kabla ya madhara. Mamlaka ya gridi ya Texas ikaweka taratibu za kuchunguza mapema ni laini zipi zikikatika zitauacha mtambo kwenye kapasita peke yake.

Watafiti nao wamependekeza njia zisizo za mstari kwa tatizo hili. Kati ya mawazo hayo, mojawapo linanivutia kwa upole wake: kidhibiti kisanifiwe ili mbele ya gridi kisiwahi, kwa masafa yoyote yenye hatari, kutoa nishati zaidi ya ile kiliyoipokea. Kidhibiti cha namna hiyo hakihitaji kuwajua majirani wote, kinaahidi kutowachochea.

Pamoja na hayo, mdundo haukutoweka duniani. Kuanzia mwishoni mwa 2012, katika mashamba ya upepo ya Guyuan, mkoa wa Hebei nchini China, mkondo uliyumba mara nyingi kwa hezi 6 hadi 8, na huko haikuhitajika hata shoti. Upepo hafifu ulitosha. Mwaka 2017 Texas yenyewe ikapata matukio mengine matatu ya jamii hii, kusini kulekule. Nayataja haya kwa sababu onyo likishaandikwa huchakaa. Watu hustaafu, mitambo mipya huletwa, programu husasishwa, laini huongezwa. Hesabu ya jana ilikuwa ya gridi ya jana.

Tujiangalie sisi

Wengi wetu hatutafunga kamwe mtambo wa megawati mia. Lakini kosa hili lina wadogo zake, na hao wanaishi karakana zetu.

Fikiria kiwanda chenye inveta kadhaa za mota, na kwenye chumba cha umeme kuna benki ya kapasita iliyofungwa zamani ili kupunguza bili. Inveta ya kawaida ya diodi sita huchota mkondo wenye mawimbi ya ziada, hasa ya hezi 250 na 350 kwenye gridi yetu ya hezi 50. Kapasita na transfoma navyo vina mdundo wao, na ukiangukia karibu na mawimbi hayo, mkondo unakua. Dalili zake fundi anazijua: fyuzi za kapasita zinaungua, kapasita zinavimba, transfoma inabadilisha mlio, inveta inajizima na kuandika volti zimezidi. Fundi anabadilisha fyuzi, anariseti inveta, kazi inaendelea. Kesho tena.

Au fikiria umeme wa gridi umekatika na jenereta la dharura limewashwa. Kwa macho ya inveta, huo ni ulimwengu mwingine kabisa. Chanzo kilichokuwa mlima sasa ni kilima. Mzigo unaodhibitiwa ili utumie nguvu ileile daima huchota mkondo zaidi volti inaposhuka, na chanzo dhaifu kinaweza kushindwa kutulia nao. Taa zikianza kucheza kwa mpigo wa sare, usiseme ni dizeli mbaya kabla hujapima.

Basi tushikane mikono katika haya. Kabla ya kufunga kidhibiti chochote cha mota, tuulize kitalishwa na nini leo, na kitalishwa na nini laini au transfoma moja ikitoka. Tuombe kutoka kwa muuzaji maelezo ya jinsi kifaa chake kinavyoitikia masafa mengine, na tuyaandike ndani ya mkataba kabla ya malipo, kwa sababu baada ya malipo siri ya biashara huwa nzito. Tusifunge kapasita upande wa mota wa inveta, na za upande wa gridi tuzifanyie hesabu kwanza. Tukipandisha ukali wa kidhibiti, tupime pia kinachotokea nyuma yake, wala tusitosheke na mwendo mzuri wa shafti. Na walimu wa vyuo, tafadhali, mnapomfundisha kijana kuunyoosha mfumo usio mnyoofu, mpeni na zoezi moja ambalo chanzo cha umeme ni dhaifu, auone uthibitisho wake ukivunjika mikononi mwake mapema.

Zaidi ya yote, tusikiguse kitufe cha kuriseti kwa mkono mtupu. Tushike daftari kwanza: saa ngapi, mzigo gani ulikuwa ukifanya kazi, laini ipi ilikuwa imekatwa, kapasita zilikuwa ndani au nje, taa zilicheza au hazikucheza. Kama sababu haijulikani, tuandike kwamba haijulikani, na tuweke jina la atakayeitafuta na tarehe ya kuleta jibu. Mimi najiweka wa kwanza kwenye ahadi hii, kwa kuwa najua utamu wa kuona mashine ikiwaka tena na wakubwa wakitulia. Utamu huohuo uliirudisha shafti ya Mohave kazini mwaka 1971, ikaharibika mara ya pili.

Tuifanye kazi ya kuuliza mapema, wakati swali bado ni la bei nafuu.